Kusugua, kubandua, kukunja: shajara ya mradi wa mbinu za ndoto za wasurealisti

Mradi huu ni wa chumba chetu cha kuchorea hapa Tanga, ambako vijana hukusanyika Jumapili mchana. Tunajaribu kwa mikono yetu mbinu ambazo wasurealisti, kundi la wasanii na waandishi wa Paris, walizitumia kati ya 1924 na 1936 kutafuta picha ambazo mtu akiwa macho hawezi kuzipanga. Naandika kila hatua inapokamilika, pamoja na bei, ili mwenye hamu aweze kuurudia mradi popote alipo. Hatua zilizokwenda sawa nazipitia haraka. Zilizogoma nazieleza kwa kirefu, maana humo ndimo karatasi na hela zinapopotelea.

15 Juni 2025. Kuchora ndoto moja kwa moja

Tulianza na njia inayomjia kila mtu kwanza. Kila mmoja alichukua daftari la kuweka kando ya mto, aandike ndoto yake anapoamka, kabla hata ya kunawa uso. Baadaye tukachagua ndoto kadhaa na kuzichora kwa penseli na rangi za maji. Gharama ilikuwa madaftari tu, shilingi 500 kila moja.

Maandishi yalitoka yana uhai. Binti mmoja wa kidato cha tatu aliandika kwamba alikuwa anafua shuka kwenye beseni lisilo na mwisho, na kila akikamua wanatoka watu, tena wakavu. Mchoro wake sasa: beseni la plastiki lenye mishikio miwili, na watu wanne wamesimama mstari mmoja kama timu inayopigwa picha kabla ya mechi. Nikamwuliza kama ndivyo alivyowaona. Akasema, "Hapana, Mwalimu. Hawakuwa na sura. Nimewawekea sura kwa sababu nilikuwa nachora watu." Michoro ya wengine ilikuwa na ugonjwa huohuo.

Tatizo hilo lina miaka mia moja. André Breton, mwandishi aliyeliongoza kundi la wasurealisti, alipotoa Manifesto ya Usurealisti, Oktoba 1924, aliweka uzito kwenye maneno: kuandika mbio mbio bila akili kupata nafasi ya kukagua. Alikuwa mwanafunzi wa udaktari wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia, na mwaka 1916 alihudumu katika kituo cha maradhi ya akili cha Saint-Dizier, akijaribu njia za daktari wa Vienna Sigmund Freud kwa askari waliovurugwa na vita. Kitabu cha Freud cha tafsiri ya ndoto kilikuwa kimeshatoka tangu Novemba 1899, ingawa kiliandikwa mwaka 1900 kwenye jalada. Basi ilikuwa kawaida kwamba jarida la kundi hilo, La Révolution surréaliste, lilipoanza Desemba 1924 lilichapisha ndoto zilizoandikwa, zikiwemo za Breton mwenyewe na za mchoraji Giorgio de Chirico.

Lakini katika toleo hilohilo la kwanza mwenzao Max Morise aliweka pingamizi. Anayechora ndoto, alisema kwa maana, anachora kumbukumbu yake. Kazi ya brashi ni ya polepole, na katika upole huo akili iliyo macho inaingia na kurekebisha. Aprili 1925 mwenzao mwingine, Pierre Naville, akaenda mbali zaidi: akaandika kwamba hakuna kitu kinachoitwa uchoraji wa kisurealisti. Ukitazama leo saa za Salvador Dalí zinazoyeyuka, picha ya 1931, unadhani jambo hilo halikuwahi kuwa na ubishi. Kumbe miaka sita kabla yake wenyewe kwa wenyewe walikuwa wanabishana kama linawezekana kabisa.

Binti wa beseni alikuwa amelieleza pingamizi la Morise bila kumsoma. Kwa hiyo tumeacha kunakili ndoto. Kuanzia hapa tunafuata njia za wale waliotafuta namna ya kuuzuia mkono usiweke sura mahali ambapo hapakuwa na sura.

10 Agosti 2025. Kusugua, jaribio la kwanza

Tarehe hii tumeichagua kwa makusudi. Mchoraji Max Ernst, mmoja wa wasurealisti, alisimulia kwamba tarehe 10 Agosti 1925, katika nyumba ya wageni ya Pornic, kwenye pwani ya Atlantiki ya Ufaransa, mvua ilimfungia ndani, macho yake yakanasa kwenye mbao za sakafu. Zilikuwa zimesuguliwa kwa maji na brashi miaka na miaka mpaka mifereji yake imechimbika. Zikamkumbusha ubao wa mahogani ya bandia uliokuwa mbele ya kitanda chake utotoni, ambao usingizi ukianza kumchukua ulimwonyesha jicho la kutisha, pua ndefu, kichwa kikubwa cha ndege. Akaangusha karatasi sakafuni bila kuchagua mahali, akazisugua kwa risasi nyeusi. Mbinu hiyo ndiyo frotaji.

Kila aliyepita shule ya msingi ameshaweka sarafu chini ya karatasi na kuisugua kwa penseli, kwa hiyo hakuna aliyetarajia shida. Shida ikaja. Sakafu zetu ni za saruji. Zinatoa vumbi la nukta nukta na basi. Tukahamia kwenye mlango wa mninga na madawati. Zikatoka karatasi za kijivu tupu, kama zimepakwa majivu.

Sababu tulizipata moja baada ya nyingine. Karatasi ya manila ni nene mno, inapita juu ya mifereji bila kuigusa. Penseli ya HB iliyochongwa inachora mistari yake yenyewe badala ya kupokea mistari ya kilicho chini. Mlango ulikuwa umepigwa randa na vanishi, umelainika kabisa. Na vijana walikuwa wanakandamiza kwa nguvu, wakati frotaji inataka mkono mwepesi unaorudia.

Dawa: karatasi nyepesi, na penseli laini ya 6B iliyovuliwa mbao yake kwa wembe, ilazwe ubavu. Tulipobadilisha hivyo tu, mkeka wa ukindu ukaanza kuonekana, kisha ungo, kisha gunia la katani. Majani ya mwembe yalikuwa na somo lake. Yaweke mgongo juu, kwa sababu upande huo ndio mishipa imesimama. Usitumie jani bichi, linatoa maji na kulowesha karatasi. Wala kavu kabisa, linavunjika. Lililolala usiku mmoja ndani ya kitabu kizito linafaa.

Gharama: karatasi nyepesi za kuchapia 13,000, penseli za 6B 1,500 kila moja, wembe tunao.

24 Agosti 2025. Ubao

Bado tulitaka mbao za Pornic. Niliona tusikubali kuziacha, kwa sababu kila Ernst alipoeleza mbinu hii alirudi kwenye sakafu ile, na misitu yake mingi ya baadaye imejaa nyuzi za mbao.

Fundi seremala wa jirani ndiye aliyetufungua macho. Alisema mninga na mvule hautatusaidia. Tutafute paini, hizi zinazotoka Mafinga, ambazo watu hawazitaki kwa samani nzuri. Katika ubao wa paini kila pete ina sehemu mbili: iliyokua haraka ni laini na nyeupe, iliyokua polepole ni ngumu na ya kahawia. Ukisugua sana, laini inaliwa na ngumu inabaki imesimama. Ndicho kilichotokea kwa sakafu ya Pornic kwa brashi za wafanyakazi wa usafi. Sisi tulihitaji kukifanya mchana mmoja.

Jaribio la kwanza lilikuwa brashi ya waya kwenye ubao mkavu, na kijana aliyeishika alisugua kukata nyuzi. Ulitoka ubao uliochanwachanwa, na kila karatasi iliyowekwa juu yake ilionyesha makwaruzo ya brashi tu. Tukageuza upande wa pili, tukasugua kufuata nyuzi. Nafuu, lakini mifereji haikuwa na kina.

Fundi akatushauri moto. Tuliupitisha ubao juu ya jiko la gesi, polepole, mpaka uso ukawa mweusi bila kushika moto. Sehemu laini inaungua kwanza. Kisha brashi ya waya kufuata nyuzi, ikatoka masizi na mifereji ikabaki, unaweza kuihesabu kwa ukucha. Usiusahau mwisho wake: ubao lazima uoshwe na ukauke juani, la sivyo karatasi zote zitachafuka mgongoni. Fanya kazi hii nje, na ndoo ya maji iwe karibu.

Karatasi ya kwanza kutoka kwenye ubao huo nimeitundika ukutani. Katikati kuna jicho la mbao, fundo lililokuwa tawi, na nyuzi zinaligawanyikia pande mbili kama maji yanavyokipita kichwa cha mwogeleaji. Chini yake kijana aliinua karatasi kidogo na kuirudisha bila kuiweka sawa, kwa hiyo nyuzi zimejirudia zikiwa zimepishana, na eneo lile linatetemeka ukilitazama.

Gharama: ubao wa paini 12,000, brashi ya waya 3,500. Fundi hakutaka malipo, tulimpa mchoro.

7 Septemba 2025. Karatasi iliyosuguliwa si picha

Hapa ndipo mradi ulipokaribia kusimama. Tulikuwa na rundo la karatasi nzuri za nyuzi, mikeka na majani, na hakuna hata moja iliyokuwa picha. Kijana mmoja aliuliza kama huu si ufundi wa kupata kitambaa cha mapazia. Swali lilikuwa la haki.

Tukarudi kwa Ernst. Mwaka 1926 alitoa Histoire naturelle, mkoba wa picha 34 zilizochapwa kutoka kwenye frotaji zake, na utangulizi wa msanii mwenzake Hans Arp. Tulizitazama kwa subira kwenye simu, tukizikuza. Katika ile inayoitwa Desturi za Majani, jani moja limesimama wima kama mti, na pembeni yake ni nyuzi za mbao. Katika Gurudumu la Nuru kuna jicho moja kubwa limejaza karatasi. Mstari wa upeo mara nyingi uko chini, ule wa jangwa au bahari. Na sehemu kubwa ya karatasi imeachwa nyeupe.

Ernst aliandika kwamba msanii wa namna hii anahudhuria kuzaliwa kwa kazi yake kama mtazamaji. Naheshimu maneno yake, lakini picha zenyewe zinasema zaidi ya hapo. Amechagua kitu gani kisuguliwe, amekata, amehamisha, ameacha nafasi wazi. Alichokataa ni kuchora kitu alichokwisha kukijua. Hata Leonardo da Vinci, ambaye Ernst alimtaja katika maelezo yake, aliwashauri wachoraji wakazie macho madoa ya ukutani wayaone mapambano na milima, na bado akasisitiza kwamba doa halikufundishi kumalizia kazi.

Utaratibu tulioufikia ni huu. Karatasi zinatundikwa ukutani, zinageuzwa kichwa chini na ubavu, na watu wanazitazama kimya. Ni marufuku kusema umeona nini mpaka kila mtu amemaliza, maana aliyewahi kusema "ng'ombe" amewafunga wote kwenye ng'ombe. Kisha kila mmoja anachukua moja na kuifanyia mambo matatu tu: kuziba sehemu kwa karatasi iliyokatwa na kusugua kitu kingine pembeni yake, kuihamisha karatasi na kusugua tena, na kuongeza mstari mmoja wa upeo. Penseli iliyochongwa hairuhusiwi. Huchori jicho, unatafuta fundo litakalokuwa jicho.

Binti wa beseni alikata kwenye karatasi tundu refu lenye umbo la mtu, akaliweka juu ya gunia na kusugua ndani ya tundu, akalisogeza na kusugua tena. Walitokea watu wa katani, wengine wamelaliana, hakuna mwenye uso, nyuma yao nyuzi za paini zimelala kama maji. Alikaa nayo muda mrefu, kisha akasema hao ndio.

Wakati huo mmoja alikumbusha kwamba wachongaji wa Kimakonde wa mashetani nao hulifuata gogo la mpingo linavyojipinda, na umbo la shetani linatokana na mti wenyewe. Naamini undugu huo ni wa kweli, ingawa kila upande ulifika kwa njia yake.

21 Septemba 2025. Kukinga michoro

Risasi ya 6B inachafuka kwa kuguswa tu, na unyevu wa pwani hausaidii. Tulijaribu maziwa yaliyoondolewa mafuta, yakichanganywa na maji na kupulizwa kwa chupa ya dawa ya mbu iliyooshwa, maana ni njia ya zamani ya wachoraji wa Ulaya. Yalishika vizuri. Siku ya pili sisimizi walikuwa wamejipanga kwenye karatasi.

Sasa tunatumia spreyi ya nywele ya bei nafuu, 6,000, ikipulizwa kutoka umbali wa mkono ulionyooshwa, mara mbili nyepesi. Ukisogea karibu inaacha matone. Kwa miaka mingi ijayo karatasi inaweza kugeuka njano. Kwa kazi za kujifunzia inatosha.

5 Oktoba 2025. Kubandua

Dekalkomania, yaani mbinu ya kubandua, ni ya mchoraji Óscar Domínguez, mzaliwa wa kisiwa cha Tenerife. Breton aliitangaza katika jarida la Minotaure, Juni 1936, na akatoa maelezo yake kama mapishi: gouache (rangi ya maji iliyo nzito) nyeusi, nzito hapa na nyepesi pale, ipakwe kwa brashi pana kwenye karatasi nyeupe laini yenye mng'ao, ifunikwe mara moja na karatasi nyingine ya aina hiyo, ikandamizwe kiasi kwa mgongo wa mkono, ibanduliwe.

Tulisoma yote, tukapita juu ya neno la mng'ao. Kwenye karatasi ya kawaida rangi ilinywewa kabla ya kufunikwa, na tulipobandua tulipata madoa meusi yenye kingo butu, pamoja na karatasi iliyochanika. Tukaongeza maji, ikawa mbaya zaidi. Tukaongeza rangi, ikagandamana.

Kosa la pili lilikuwa kukunja karatasi moja katikati badala ya kutumia mbili. Kila matokeo yalikuwa kipepeo, au nyonga ya mnyama, kwa sababu pande mbili zinafanana. Hizo ni picha za madoa ya wino za daktari wa Uswisi Hermann Rorschach, za 1921, za kupimia nafsi za watu, na zina kazi yake. Domínguez alitumia karatasi mbili ili upande mmoja usiwe kioo cha mwingine.

Suluhisho lilikuwa kalenda. Migongo ya kalenda za ukutani za miaka iliyopita ni karatasi nzito yenye mng'ao, na kila nyumba inazo. Rangi ya bango nyeusi iwe nzito kama uji wa mgonjwa, na matone mawili ya sabuni ya maji ili isikauke haraka. Paka, funika, kandamiza, bandua, yote bila kusita. Namna ya kubandua ndiyo inayoamua picha. Ukivuta karatasi wima, rangi inajikusanya vinundu. Ukiivuta kutoka kona moja taratibu, hewa inaingia kati ya karatasi na kuifanya rangi ijigawe matawi matawi, membamba kuliko nywele, kama matumbawe wakati wa maji kupwa. Ukisimama katikati ya kuvuta unaacha mstari, na mstari huo unaweza kuwa ukingo wa jabali. Yote haya yanaonekana ndani ya sekunde chache. Vijana walikuwa wanashika pumzi.

Tukaangalia tena alichofanya Ernst na mbinu hii kwa rangi za mafuta. Ulaya Baada ya Mvua ya Pili ilianzwa 1940 na kumalizika 1942. Katikati ya miaka hiyo Ernst, raia wa Ujerumani aliyekuwa ameshawekwa kizuizini Ufaransa kama adui, alikimbilia Marekani, 1941. Ile miamba iliyooza, yenye mashimo kama sifongo, ilianzia kwenye rangi mbichi iliyokandamizwa na kubanduliwa. Kisha akapaka mbingu ya buluu juu ya sehemu alizotaka zipotee, na kilichobaki kikawa magofu. Ni kule kuchagua tulikokuona Septemba, sasa kwa brashi. Hatua hiyo ya kupaka mbingu tumeiiga kwa buluu nyepesi, na ndiyo iliyoyageuza madoa kuwa nchi.

Gharama: rangi ya bango nyeusi na buluu 9,000, brashi pana 2,500, kalenda bure.

12 Oktoba 2025. Kukunja

Mchezo wa maiti mzuri ulianza 1925 katika nyumba namba 54, rue du Château, Paris, walimokuwa wakiishi Marcel Duhamel, Jacques Prévert na Yves Tanguy, watu wa kundi hilohilo la wasurealisti. Kwanza ulikuwa wa maneno: kila mtu anaandika kipande, anakunja, anampa jirani. Sentensi iliyoupa jina ilikuwa maiti mzuri atakunywa divai mpya. Baadaye wakaanza kuchora.

Tulipowaambia vijana, wewe kichwa, wewe kiwiliwili, wewe miguu, walichora vichekesho: kichwa cha mwalimu fulani, tumbo la bosi, viatu vya mchezaji mpira. Walicheka sana, na karatasi hazikuwa na kitu. Kila mtu alichora alichokwisha kukijua, na tukawa tumerudi mwezi Juni.

Tuliondoa majina ya viungo. Sheria mpya: mistari ivuke mkunjo kwa upana wa kidole, na anayepokea aiendeleze hiyo mistari bila kuuliza ni ya nini. Wote watumie kalamu ya aina moja ili mkono wa mtu usijulikane. Na kipande kimoja kati ya vitatu kiwe cha kusugua. Tangu hapo vikaanza kutoka viumbe vyenye maungio ya ajabu, bega linaloendelea kuwa ngazi, ngazi inayoishia kwenye mshipa wa jani la mwembe.

Gharama za mradi mpaka leo ni kama shilingi 60,000. Ubao wa paini ndio uliotupa zaidi kwa bei yake, na unaweza kutumika mwaka mzima ukitunzwa mbali na mchwa.

Hatua inayofuata ni grataji: mbinu ileile ya kusugua ikipelekwa kwenye turubai (kitambaa cha kuchorea), ambayo Ernst aliitumia katika misitu yake ya 1927. Turubai iliyopakwa rangi huwekwa juu ya vitu vyenye miinuko, rangi inakwanguliwa, na miinuko inajitokeza. Tumeshanyoosha kitambaa cha amerikani kwenye fremu na kukipaka rangi nyeupe ya ukutani kama msingi, lakini msingi huo unapasuka kikikandamizwa kwenye ubao. Tutajaribu safu moja nyembamba yenye gundi ya mbao badala ya mbili nzito, na kuanza na kipande cha neti ya kuvulia kabla ya kuurudia ubao. Mwenye uzoefu wa kupaka msingi kwenye amerikani atuandikie amechanganya nini kwa kiasi gani.